Chuma kisicho na jina

Spea za magari ya jeshi zikifika Malindi huwa zimepita mikono mingi, na rangi yote imeliwa na upepo wa chumvi. Zangu nilizinunua kwa kilo, bei ya skrepa. Fundi mmoja akanishauri nipitishe graenda yenye brashi ya waya mpaka ing'ae. Jamani, msifanye hivyo! Namba inayotambulisha spea, ikigongwa kwenye alumini, haina kina. Brashi ililamba tarakimu nne nikiona kwa macho yangu, na spea ile mpaka leo haijulikani ni ya nini.

Ya pili ilikuwa kopo zito la mviringo, na juu yake midomo minne yenye nyuzi za skrubu. Hiyo nililoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikasugua kwa mswaki mkuukuu. Ikishakauka, paka chaki nyeupe kote, kisha pitisha kidole mara moja tu ili chaki ibaki ndani ya mikwaruzo. Ingia chumba chenye giza, tochi uilaze ubavuni mwa chuma. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Ulianza kutokea mshale mpana, alama ya jeshi la Uingereza, halafu 2920-99. Zilizofuata zilikuwa zimeliwa na kutu.

Hizo zinatosha. Ni mwanzo wa namba ya spea ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Namba hiyo ina tarakimu 13: nne za mwanzo ni aina ya kifaa, mbili ni nchi iliyokisajili, saba ni za kifaa chenyewe. 2920 ni umeme wa injini; 2530 ni breki, usukani na ekseli; 2520 ni giaboksi na propela shafti. 99 ni Uingereza, 00 na 01 ni Marekani. Namba iliyovimba juu ya chuma isikupoteze: hiyo ni ya kalibu, na kalibu moja huweza kutoa spea tofauti.

Nikafungua mfuniko. Kontakti, koili, na shafti yenye kona nne, maana yake silinda nne. Distribyuta, kigawa umeme wa cheche kwa plagi! Waya za plagi hufungwa kwa skrubu ndani ya ala ya chuma ili cheche zisikwaruze redio. Zikabaki gari mbili za jeshi la Uingereza, Land Rover ya kubeba redio au jipu la Austin Champ, zote za volti 24. Nikaijaribu kwenye injini ya petroli ya Land Rover kuukuu: ulimi wa chini ya distribyuta ukaingia, ukakaa. Basi ni ya Land Rover.

Ukiipima, unganisha betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Kwa betri moja cheche itakuwa dhaifu, utadhani koili imekufa uitupe bure.