Nilivyoandika historia ya kanisa letu la kijijini bila kuruka 1929

Baraza la wazee wa kanisa liliponipa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya kanisa letu, lilinipa pia orodha ya yatakayoandikwa. Kuja kwa wamisionari kutoka Scotland, kanisa la kwanza la udongo, kanisa la mawe, wachungaji waliotuhudumia, Chama cha Wanawake, kwaya. Orodha nzuri, ila ilikuwa na pengo. Ilifika katikati ya miaka ya 1920, kisha ikaibukia kwenye jiwe la msingi la kanisa la mawe, miaka kama kumi baadaye. Aliyelelewa upande wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu, hahitaji kuambiwa ni nini kilichorukwa: mgogoro wa 1929 juu ya tohara ya wasichana, uliowatoa wengi kanisani.

Upande wa misheni yenyewe haukunisumbua. Kijiji chetu hakiko mbali na Thogoto, makao ya misheni ya Waskoti, na habari za Thogoto zimeandikwa zikaandikwa tena. Misheni ilianzia Kibwezi mwaka 1891, malaria ikaua wengi, na 1898 Thomas Watson akaihamishia Kikuyu. Alikuta njaa ambayo wazee wetu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, na ndui juu yake. Mwaka 1900 naye akafa kwa nimonia. Mjane wake, Minnie Watson, hakurudi kwao. Alibaki akisomesha hadi 1931, na kwa maoni yangu anastahili kurasa nyingi kuliko madaktari wote waliomfuata, Dkt. John Arthur wa 1907 akiwemo. Hayo yote niliyapa kurasa mbili. Nimeshasoma vijitabu vya makanisa ya vijijini ambavyo nusu nzima ni Waskoti, na ukifika mwisho hujui ni nani aliyekata miti ya jengo la kwanza.

Waliokata miti ndio nilianza kuwatafuta. Misheni ilikuwa na jarida lake, Kikuyu News, lililoanza kutolewa 1908. Nilikaa nalo maktabani Nairobi nikitafuta jina la mgongo wetu, yaani kilima tunachokaa. Vituo vidogo vinapita mle kama vituo vya matatu kwa abiria aliyesinzia: hapa pana wanafunzi kadhaa, pale pana mwalimu mwaminifu, twende. Mwalimu mwaminifu hatajwi jina. Nilichopata ni uhakika kwamba pale kwetu palianza shule kabla ya kuwa na kanisa. Jumatatu hadi Ijumaa watu walisoma, Jumapili wakasali, chini ya paa lile lile la nyasi. Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, wasomaji.

Majina niliyapata kwenye daftari la ubatizo. Lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kabati, kwenye chumba cha mchungaji, pamoja na risiti za mabati na vitambaa vya Meza ya Bwana. Kabla ya kusoma chochote nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi. Namshauri yeyote mwenye kazi kama hii aanze hapo. Karatasi zile ukizifungua mara kumi zinamegeka pembeni. Baada ya hapo nilifanya kazi na picha tu, nikaandika kila jina kwenye jedwali: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba, mbari (ukoo), mwaka. Wanawake wengi waliandikwa kuwa mke wa fulani, basi. Majina yao niliyapata kwa wajukuu, kwa sababu desturi yetu ya kurithisha majina haipotezi bibi: ukijua jina la binti wa pili wa nyumba, umejua jina la bibi yake mzaa mama.

Kwa wakongwe nilikwenda na mama yangu, maana wengine wasingeniambia lolote bila yeye. Sikuuliza mwaka. Ukimuuliza bibi wa miaka tisini na kitu kanisa liliezuliwa mwaka gani, atakutajia wowote ili akufurahishe, na utauandika. Nilimuuliza hivi: "Cucu, paa lilipong'oka, ilikuwa kabla ya njaa ya mianga au baada?" Njaa ya mianga, ya unga wa muhogo, inajulikana kuwa ya 1943. Nikauliza pia ni mtoto yupi aliyekuwa mgongoni, na wakati ule baba yake alikuwa ameshawekwa mzee wa kanisa au bado. Kwa baba zao niliuliza riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Mtu wa Kihiu Mwiri alitahiriwa karibu na 1913, kwa hiyo unajua alikuwa kijana wa makamo gani alipobatizwa. Nilipenda kuwakalisha wawili pamoja. Mmoja akikosea, mwenzake anamkatiza, kisha wanabishana, na ubishi ule ndio wenye habari.

Sasa, 1929. Daftari letu halikuruka. Kulikuwa na safu ya maelezo, na kuanzia mwisho wa mwaka ule safu hiyo inajaa neno moja, kwa mwandiko mmoja: ametengwa. Ametengwa, ametengwa, ukurasa mzima. Misheni ilikuwa imewataka waumini, hasa walimu na wazee wa kanisa, watie sahihi au kidole gumba kuwa wanaikana tohara ya wasichana na kujitoa katika Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichodai ardhi. Waliotia kidole wakaitwa kirore, yaani alama ya kidole. Waliokataa wakajiita karing'a, yaani halisi. Wimbo wa muthirigu ukawazomea wamisionari na wafuasi wao hadi serikali ilipoupiga marufuku mwaka 1930. Kanisa letu lilibaki na watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mimi ni mwanamke, na kisu kile sikitetei hata kidogo. Misheni ilikuwa na haki kukipinga. Lakini kumpa mtu karatasi moja yenye mwili wa binti yake na siasa za ardhi yake, na kumwambia atie kidole kwa yote mawili au atoke, ni jambo ambalo hata leo baraza lolote la wazee lingevunjikia hapo.

Nilipoleta sura hiyo mbele ya kamati, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Mwalimu, unataka kufukua makaburi?" Mwingine akasema jirani zetu watadhani tunawatukana. Nikaomba ruhusa niwaulize hao jirani.

Ng'ambo ya mto wengi ni Waorthodoksi. Upande wetu wa Kiambu, shule za karing'a zilitafuta makasisi wao wenyewe. Askofu mkuu Daniel William Alexander alitoka Afrika Kusini akaja kuwafundisha, akawawekea mikono 1937, na huko ndiko lilikotoka Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika nchini. Nilikwenda kwa familia moja ambayo jina lake liko kwenye daftari letu, ukurasa wa ametengwa. Nilimwamkua mzee wa nyumba, nikanywa chai, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alivaa miwani akasoma jina la babu yake taratibu. "Kumbe walimwandika," alisema. Familia yake ilikuwa inaamini kwamba babu alifutwa kabisa. Kisha akanisimulia jambo ambalo kwetu hakuna aliyelijua: babu huyo ndiye aliyetoa boriti za kanisa la udongo, na alipotengwa alikataa kuzidai, ingawa ndugu zake walimshawishi aende akazing'oe.

Nilirudi kwenye kamati na pendekezo dogo. Sura ya 1929 isiwe na sifa wala lawama kwa mtu yeyote. Iwe na maelezo mafupi ya karatasi ile, kisha majina yote ya waliobatizwa kabla ya mgogoro, waliobaki na waliotoka, katika orodha moja kwa mpangilio wa mbari. Atakayetaka kujua nani alikwenda wapi aulize nyumbani kwao. Walijadili hadi giza likaingia. Kilichowageuza, nadhani, ni habari za boriti. Mzee yule wa makaburi ndiye aliyesema orodha ianze na mwenye boriti, mbari au si mbari.

Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, niliiandika kwa tahadhari nyingine. Kuanzia 1954 watu wa migongo waliswagwa kwenye vijiji vyenye mahandaki na miiba, na kanisa likabaki peke yake huko juu. Kuna waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau na kuna waliokula kiapo wakaendelea kuimba kwaya, na watoto wa pande zote wanaketi benchi moja leo. Hapo sikuchapisha jina ila kwa idhini ya familia, na familia tatu zilikataa.

Kijitabu kilichapwa Nairobi kwa harambee ya kanisa. Nakala za kwanza zimekwisha, na wanunuzi wengine walitoka ng'ambo ya mto. Walikuja na masahihisho: jina la mbari moja tumelikosea tahajia, na kuna ndugu wawili tuliowafanya baba na mwana. Nimeyaweka yote kwenye jedwali. Mweka hazina anasema toleo la pili lisubiri mpaka bei ya karatasi itulie, nami nimemwambia basi nipewe tena ufunguo wa lile sanduku, maana chini ya risiti za mabati niliona daftari jingine ambalo bado sijalipiga picha.