Kuomba Riziki na Kufunga Lumbesa

Wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi waliolelewa katika sala. Walizijua zaburi, walizoea sinagogi siku ya sabato, na hapana shaka kwamba kusali kulikuwa sehemu ya maisha yao tangu utotoni. Hata hivyo, Luka anasimulia kwamba siku moja walimkuta Bwana akisali, na alipokwisha, mmoja wao alimwambia, "Bwana, tufundishe sisi kusali." Sala aliyowapa ni fupi kiasi kwamba ukiisema bila haraka yoyote huwezi kufikisha dakika moja. Katika Mathayo inatanguliwa na onyo la wazi kuhusu watu wanaopayuka-payuka wakidhani watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno yao. Sisi wa Mbeya, ambao usiku wa mkesha tunaweza kusikia vipaza sauti vya makanisa mawili au matatu vikishindana katika mtaa mmoja, onyo hilo linatuhusu, ingawa silisemi kwa kuwadharau wanaokesha. Nami nimekesha nao mara nyingi na nimetoka nikiwa na nguvu mpya.

Tangu shule ya Jumapili tumefundishwa kwamba sala ni kuzungumza na Mungu. Fundisho hilo ni sahihi, lakini linaacha nje jambo ambalo Sala ya Bwana inalitanguliza, yaani kwamba anayesali anajiweka chini ya matakwa ya mwingine. Tazama mpangilio wake: kwanza jina la Mungu litukuzwe, kisha ufalme wake uje, kisha mapenzi yake yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni, na baada ya hayo yote ndipo tunapofika kwenye chakula. Mtu anayetaka kuombea ada ya shule au kibali cha ujenzi anapitishwa kwanza mahali ambapo amekwisha kukubali kwamba Mungu ndiye atakayeamua, na kwamba uamuzi huo unaweza kumgusa yeye mwenyewe, mfuko wake na majirani zake. Aidha, hakuna ombi hata moja katika sala ile ambalo mtu anajiombea peke yake. Anayeomba riziki anawaombea pia watu ambao pengine hata hawapendi, na hapo ndipo maisha ya kila siku yanapoanza kutudai.

Nitatoa mfano wa viazi, kwa sababu huku kwetu viazi mviringo ndivyo vinavyosomesha watoto wengi, kuanzia Isyonje na Uporoto yote hadi Umalila, na kwa wenzetu wa Makete na Njombe. Kwa miaka mingi mkulima ameuza kwa gunia badala ya kilo, na gunia lenyewe limekuwa likikua. Linajazwa mpaka mdomoni, vijana wanalitikisa na kulishindilia, kisha kipande cha gunia la pili kinashonewa juu kwa sindano ndefu na kamba ya manila, viazi vinaongezwa mpaka mzigo unasimama kama mtu aliyevaa kilemba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, kifungashio hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hutangaza jambo hilo kila msimu. Lakini mkulima aliyekwisha kung'oa mzigo wake, mvua imetanda na gari linasubiri, hana nafasi kubwa ya kubishana.

Nimewahi kusimama kando ya gari asubuhi na kumsikia mnunuzi akifungua kazi kwa sala. Ilikuwa sala nzuri, yenye shukrani, yenye kuombea dereva na barabara mpaka Dar es Salaam, nasi tuliokuwapo tuliitikia Amina kwa moyo. Baada ya Amina sindano ya kushonea ilitolewa na kazi ya kilemba ikaanza. Simtuhumu mtu yule kwa unafiki, maana naamini alisali kwa dhati. Ninachosema ni kwamba sala yake ilimfunga katika jambo ambalo hakulitambua: alikuwa ameomba riziki kwa ajili yake na ya mama aliyesimama pale na jembe lake, na sasa mikono yake ilikuwa ikiipunguza riziki ya mama huyo. Mithali 11 inasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na manabii walilisema jambo hilo kwa ukali zaidi. Katika sura ya kwanza ya Isaya, Mungu anawaambia watu wanaokunjua mikono kusali kwamba hata wakiomba maombi mengi hatasikia, kwa sababu mikono hiyo hiyo imejaa damu. Kwa maoni yangu, mahubiri kuhusu sala yanayohubiriwa katika maeneo ya viazi bila kutaja lumbesa yana upungufu.

Historia ya Kanisa letu la Moravian inaunga mkono fikra hii. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwezi Agosti 1727, ndugu wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kugawana saa za mchana na usiku ili sala isikatike, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Watu huisimulia habari hiyo kama ajabu ya uvumilivu, na kweli ni ajabu. Mimi huvutiwa zaidi na kilichofuata, kwa sababu mwaka 1732, yaani miaka mitano tu baadaye, watu wa kijiji kile kidogo walikuwa wakisafiri kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi kuwahubiria watumwa, na mwaka 1891 warithi wao walifika Rungwe. Walioombea mataifa ndio walioondoka kwenda huko. Yawezekana wangesali kwa usalama zaidi kama wasingejua kwamba jibu la sala lingewapandisha merikebuni.

Kuhusu msamaha nitasema machache, kwa kuwa jambo lenyewe si gumu kulielewa, gumu ni kulitenda. Tunaomba tusamehewe deni zetu kama sisi nasi tunavyowasamehe wadeni wetu, kisha tunakwenda kwenye kikao cha vikoba na kumwaibisha mwanachama aliyechelewesha rejesho mbele ya watoto wake. Kikundi kina haki ya kudai fedha zake, na taratibu zake ziheshimiwe, lakini namna ya kudai ni sehemu ya sala. Katika Mathayo 5 Yesu anamwagiza mtu anayekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka yake pale pale, aende akapatane naye kwanza.

Kuna upande mwingine ambao hauna kazi ya mikono, nao haupaswi kurukwa. Zipo sala ambazo hazijibiwi kama tulivyoomba. Bwana mwenyewe katika Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mateso aliyoyaita mwiba katika mwili, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo anamtwisha mzigo ambao Maandiko hayakumtwisha Paulo. Vilevile anayemshauri mgonjwa aache dawa za presha au za virusi vya UKIMWI kwa kuwa ameombewa anamweka katika hatari ya kifo. Luka aliyetuandikia habari za sala kuliko waandishi wengine wa Injili anatajwa katika barua kwa Wakolosai kuwa tabibu. Mgonjwa aombewe, apelekwe hospitali, na nauli ya bajaji itafutwe. Sioni mgongano wowote baina ya mambo hayo matatu.

Ama kuhusu nyakati, Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba waombe bila kukoma, na wengi huona agizo hilo haliwezekani kwa mtu anayeamka saa kumi na moja kuwahi soko la Mwanjelwa. Nafikiri linawezekana ikiwa tutaacha kuipima sala kwa urefu. Mama anayepanga nyanya zake anaweza kumkabidhi Mungu siku yake kwa sentensi moja kabla ya kutaja bei ya kwanza. Mwalimu anaweza kunyamaza kidogo kabla ya kuingia katika darasa lililomshinda jana. Sala fupi za namna hiyo zinahitaji mzizi, na mzizi wake ni ule muda wa faragha ambao Yesu aliuita kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, mlango huo unaweza kuwa shamba la mahindi.

Katika jumuiya yetu tuna daftari la maombi. Zamani katibu aliandika jina na hitaji tu: mtoto anasubiri matokeo ya kidato cha nne, mume ni dereva wa njia ya Tunduma, mjane paa lake linavuja. Tuliomba, tukanywa chai, tukaagana. Siku moja mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama kuna mtu aliyewahi kwenda kuliona paa hilo, na ikaonekana hakuna. Tangu hapo daftari lina safu ya tatu, ambapo huandikwa jina la mtu atakayefuatilia. Bati mbili zilipatikana kabla ya mvua za Desemba, moja ikiwa na tundu la msumari ambalo fundi aliliziba kwa lami.

Baadhi ya wenzetu hawaipendi safu hiyo. Wanasema inageuza ibada kuwa kamati, na kwamba mtu akishaona jina lake limeandikwa husali kwa haraka ili aanze kupiga simu. Hoja yao ina uzito, kwa sababu kuna wiki tumezungumza kuhusu bati kuliko kumsikiliza Mungu. Tumekubaliana kwamba safu ya tatu ijazwe baada ya sala, asiwepo anayechaguliwa kwa nguvu, na hitaji lisilo na mtu lisomwe tena juma linalofuata mpaka mmoja wetu atakapojitolea.