Siku moja maishani mwangu: mama kuni wa Tororo

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, ni dereva wa lori anauliza kama huku kwetu mvua imenyesha. Imenyesha. Anaguna tu, na mimi guno lile nalijua, maana yake nauli imeshapanda kabla hata sijaamka kitandani.

Wacha niseme kwanza mimi ni nani, maana ukiwaambia watu wewe ni mwanamke unauza kuni wanafikiria kile kitita cha kichwani cha kupeleka sokoni jioni. Hapana. Mimi nina shamba la miti, ekari chache za mikaratusi aliyopanda marehemu baba alipostaafu jeshi, nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, ukipanda juu ya kichuguu pale mwisho wa shamba unauona ule Mwamba wa Tororo vizuri kabisa. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi ya Rubongi, na kambini lugha ni Kiswahili, ndiyo maana nakiandika, majirani zangu Wajopadhola na Waiteso hunicheka eti hata kuku wangu nawafukuza kwa Kiswahili.

Saa kumi na mbili chai, mihogo ya jana, gumbuti, panga, twende.

Saa moja kijana wa mashine ya kukatia miti amefika na jerikani yake ya petroli ameshachanganya na oili, anakaa juu ya gogo ananoa mnyororo kwa tupa, jino moja moja, na hapo usimharakishe kwa sababu mnyororo butu ndio unaokula petroli yangu. Leo tunaangusha miti michache tu ya upande wa juu. Yeye haanzi na mashine, anaanza na macho, anazunguka mti anatazama umeegemea wapi, matawi mazito yako upande gani, upepo unatoka wapi, kuna tawi kavu limening'inia juu au la. Kisha anachonga mdomo upande ule mti utakakoangukia, anahamia nyuma anakata tena lakini hamalizi, anaacha ubavu mwembamba wa mti katikati, ule ndio unaoushika usigeuke kukufuata. Ukisikia ule mlio wa kwanza, kraa, unaondoka kwa pembeni, hukimbii nyuma ya mti. Na kisiki nataka kiwe kifupi na kimelala kidogo upande ili maji ya mvua yateremke yasikiozeshe, maana kisiki cha mkaratusi hakifi, kinachipua. Machipukizi yanatoka mengi kama nywele, unaacha mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unakata, na baada ya miaka mitano hadi saba hivi unarudi palepale na mashine. Wale wanaonipigia kelele mjini kwamba namaliza misitu ya Uganda ningependa waje nao hapa siku ya kupunguza machipukizi, jua la saa saba, panga mkononi. Kuna mvule mmoja pale kona ambao haujaguswa tangu enzi za baba na hautaguswa, wanunuzi wa mbao wameshaniletea mpaka soda.

Kuni za leo haziuzwi leo, hilo nalo watu hawalijui. Mkaratusi unaupasua ukiwa bado mbichi, shoka linaingia na gogo linafunguka lenyewe, ukiuacha ukauke mzima utajuta, shoka linadunda linakurudia. Kwa hiyo tunakata, tunapasua, tunapanga juu ya fito mbili zisiguse udongo, halafu tunasubiri. Lori la leo linabeba zile za Januari, za kiangazi, na zimekauka safi kabisa. Shida yake ni moja tu, ziko chini bondeni.

Saa tatu lori limefika na dereva amesimamisha palepale barabara ya marram, ile ya udongo mwekundu. Mzee, si uingie kidogo? Mama, nikiingia humu mtanitoa kwa trekta. Na hakosei, njia imekuwa uji. Basi kutoka pale kuni zilipopangwa mpaka kwenye lori ni kama viwanja viwili vya mpira, kwa kupanda, na hapo ndipo siku yangu inapokwenda yote. Toroli tumelijaribu, gurudumu limezama kwenye mzigo wa kwanza. Kwa hiyo ni bega na kichwa. Vijana wanatumia bega, mimi natumia kichwa na ngata ya shati kuukuu, vipande virefu unavibeba vinane au tisa, ukizidisha unajidanganya kwa sababu ukiteleza utaviokota vyote kwenye tope na kuni yenye tope mteja anaiona mbichi hata kama ina miezi mitano. Gome linachubua shingo. Ukiinua safu ya chini unainua kwa mti kwanza, si kwa mkono, maana nge wanapenda sana hapo na siafu ndio usiseme. Mmoja wa vijana aliimba mpaka mizigo ya saa nne, baada ya hapo hakuna aliyeongea, ni kupumua tu na ile sauti ya kuni zikitupwa kwenye bodi ya lori, na tanboi, utingo wa lori, yuko juu anazipanga huku anatuambia tuharakishe, yeye aliyekaa kivulini asubuhi nzima! Watu wanadhani kazi ya kuni ni shoka. Shoka ni starehe jamani. Kuni zinamaliza mtu kwa miguu.

Saa saba hivi tukafunga kamba. Kikomando cha haraka barabarani, chapati mbili na maharage, kila mtu kasimama.

Njiani tukasimamishwa, jamaa mwenye yunifomu akauliza kama sijasikia amri ya Rais. Nimesikia, afande, ile ya 2023 ilikuwa ya makaa ya biashara kule kaskazini, hizi ni kuni, za kupanda, za shambani kwangu, barua ya mwenyekiti wa LC1, wa kijiji chetu, hii hapa na karatasi ya ofisi ya misitu ya wilaya hii hapa. Akaisoma barua mpaka mhuri. Akasema kuna joto. Nikamwambia kweli kuna joto. Tukaangaliana hapo muda mrefu kidogo, kisha akatupisha.

Sasa shule. Sitaitaja. Ni mwisho wa Mei, temu ya pili inafunguliwa, kila shule inataka kuni wiki hiyohiyo moja, na hii iliniwekea oda mapema kwa hiyo nilitegemea kushusha na kuondoka. Mtunza stoo ni kijana mdogo, tai shingoni, kalamu sikioni, akalizunguka lori mara mbili kimya kimya halafu akasema,

"Mama, hizi si lori moja."

"Mwalimu, lori ni hili na limejaa."

"Limejaa hewa."

Akaingiza mkono kwenye nafasi kati ya vipande mpaka kiwiko, akautoa, akauingiza kwingine, anamwonyesha askari wa geti kama shahidi. Kweli kuna watu wanaopanga kihuni, wanakatisha vipande kama kiota ili lori lionekane limejaa, hilo silikatai, ila tanboi wangu na uvivu wake wote anajua kupanga. Nikamwambia hivyo. Akasema tushushe zote, tupange upya chini, apime kwa futi. Dereva akazima injini akafungua mlango akalala, na kulala kwake nalipia mimi. Tukashusha. Tukapanga. Kijana akapima urefu, kimo, upana, akaandika, akapima tena kwa sababu mara ya kwanza hesabu haikumpendeza, na mara ya pili ikatoka ileile, lori zima, na kidogo cha kuzidi ambacho hakukitaja.

Nikadhani tumemaliza. Sasa akasema ni nyembamba. Yeye anataka magogo manono, nyembamba zinaisha haraka na zinaibiwa, amri ya ofisini. Nilisimama pale na ngata yangu bado mkononi nikashindwa nicheke au nilie. Bahati nzuri mpishi mkuu alikuwa anatusikia kutoka dirishani, mama mtu mzima amefunga leso kiunoni, akatoka na mwiko wa posho, ugali wetu, bado una mvuke.

"Dada, usimsikilize. We mwalimu, njoo."

Akamshika mkono kama mtoto, akampeleka mpaka kwenye yale majiko ya matofali waliyojengewa ili yapunguze kuni, akachukua gogo nono lililobaki temu iliyopita akalisukuma kwenye mdomo wa jiko. Halikuingia. Akalisukuma tena kwa mguu. "Sasa hili nilipike ama nilikalie?" Kisha akachukua vipande viwili vyangu akavigonga, ko ko, mlio wa kukauka ule, akamwonyesha nyufa za mwishoni, akamwambia mbichi ikigongwa inalia du kama ndizi, na moshi wake yeye ndiye anayeuvuta, si watu wa ofisini. Watoto mia kadhaa wanakula posho na maharage kila siku hapo na maharage hayaivi kwa amri ya ofisi.

Kijana wa stoo akakubali kwa mdomo wa pembeni. Halafu basa, mshika pesa wa shule, akawa hayupo, halafu yupo ila kwenye mkutano, halafu pesa itatoka wazazi wakilipa. Nikakaa chini ya mwembe nikavua gumbuti, nikasema mimi nalala hapa. Sijui ilikuwa saa ngapi, jua lilikuwa limeshageuka, vijana walikuwa wamelala juu ya bodi. Mwisho nusu ikaingia kwenye simu na nusu nyingine nikaandikiwa kwenye karatasi yenye mhuri, na nusu hiyo ya simu ukienda kuitoa kuna makato ya wakala na ile kodi ya serikali ya 0.5%, yaani kila mtu anakula kuni zangu bila hata kuinua kimoja.

Kurudi sikumbuki vizuri. Dereva akaongeza bei ya tope na ya kusubiri, nikamlipa, kijana wa mashine nikamlipa, wabebaji nikawalipa wote jioni ileile, kwangu hakuna mtu anayelala na deni la bega lake. Kilichobaki kilitosha sukari, dawa ya mgongo na ada ya binti kidogo. Nilioga maji moto, nikachokoa vibanzi kiganjani kwa sindano, na ile nyuma ya shingo ilikuwa inawaka kwelikweli.

Nikiwa nimeshalala simu ikalia tena, mtunza stoo wa shule nyingine, amesikia nina kuni kavu, anataka lori moja kesho kutwa, "lakini mama, utuwekee zile nono nono." Nikamwambia akaulize kwanza jikoni mdomo wa jiko lao una upana gani, halafu anipigie.