Usiku Commodore ya ami ilipoimba

Juzi nilipita kwa mafundi simu wa Darajani, harufu ya risasi inayoyeyuka ikanisimamisha. Kijana mmoja alikuwa ameinamia saketi, moshi mwembamba unampita puani, na mimi nimeganda pale njiani mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe. Nilikuwa mbali. Nilikuwa juu ya dari ya nyumba ya bibi, Iddi ile ya 2009, na ami yuko kwenye mkeka na kofia yake gotini.

Ami alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya zamani. Commodore 64 aliyorudi nayo kutoka Dubai mwishoni mwa miaka ya 80, ya rangi ya kahawia, kibodi na mashine ni kitu kimoja, na skrini haina. Skrini yake ilikuwa televisheni ya sebuleni. Unachomeka waya pale pa antena, unazungusha taratibu mpaka chaneli 36 ya UHF, na ghafla kioo chote kinakuwa buluu, na maandishi ya buluu hafifu yanakwambia una baiti 38911 za kutumia. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuiona buluu ile.

Picha tuliipata tangu siku ya kwanza. Sauti hatukuipata kabisa. Ilikuwa ni mvumo tu, shshsh, hata ufungulie vipi. Ami alikuwa mpiga fidla, na alikuwa akisema: "Hii inaimba, wanangu. Kule ilikuwa inaimba." Sisi tukiitika, "Naam, ami," kwa adabu, kisha tunarudi kwenye michezo yetu ya kimya. Alikuwa na kaseti moja aliyoiandika "Muziki" kwa kalamu ya wino, na ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Sababu nilikuja kuijua chuoni. Mashine ile na televisheni yetu zote zilikuwa za PAL, mfumo wa televisheni ya rangi, lakini PAL zenyewe zina koo mbalimbali. Televisheni yetu ilikuwa ya mfumo wa Uingereza, ambao huisubiri sauti megahezi 6 juu ya picha. Mashine ya ami iliitoa kwenye 5.5, kama ilivyokuwa Ghuba na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Tofauti ni nusu megahezi. Picha inaingia mlangoni kwetu, sauti inakwenda kubisha hodi nyumba ya jirani. Kwa miaka yote ile mashine ilikuwa ikiimba, na televisheni ilikuwa ikisikiliza pahala pengine.

Basi dawa ni kuiacha njia ya antena. Nyuma ya Commodore kuna tundu la duara la DIN linalotoa picha na sauti zikiwa bado ghafi, kabla hazijapandishwa kwenye mawimbi. Nilipeleka kwa fundi redio plagi ya pini tano ya deki mbovu, akanilehemea waya huku namtajia: ya katikati ni ardhi, jirani yake upande mmoja ni picha, na ya mwisho kabisa upande wa pili ni sauti. Alifanya jambo moja ambalo namshukuru mpaka leo. Kabla hatujawasha chochote aliipima kwa mita ile chaji nzito ya kompyuta, kwa sababu chaji za zama zile zikizeeka hupandisha voli 5 zikawa 6 au 7, na hapo chipu za kumbukumbu huungua papo hapo. Mita ikasoma tano. "Nenda nayo," akasema.

Iddi mosi, baada ya isha, tukapanda darini. Televisheni bapa ya shemeji iliikataa picha. Inaonekana, inazimika, inaonekana. Mashine hizi hazitumi mistari 625 iliyopishana kama matangazo ya kawaida, hutuma 312 tu na kuirudia ileile mara 50 kwa sekunde, na vioo vingi vya kisasa haviielewi lugha hiyo. Mpiga video wa harusi, sahibu wa kaka yangu, alileta projekta yake na spika yake kubwa ya ukumbini. Alitaka tutafute waya wa kuingilia tundu la VGA, lile la picha za kompyuta. Nikamwambia haitawezekana kwa waya peke yake: tundu lile linataka mistari zaidi ya elfu 31 kwa sekunde, na Commodore inachora nusu ya hiyo. Tukatumia tundu la njano, la video ya kawaida. Sauti tukaipeleka kwenye spika.

Shuka la bibi tulilolitundika ukutani likawa buluu. Si buluu ya kioo cha inchi 14, ni buluu ya ukuta mzima, na kile kimraba kinachowakawaka kimekuwa kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Watoto wakapiga vigelegele. Ami hakusema kitu. Alitoa kaseti kwenye mfuko wa kanzu, akaitia mwenyewe, akaandika LOAD, amri ya kusoma kaseti, kwa kidole kimoja, akabonyeza. Mara maandishi yote yakatoweka, likabaki shuka tupu la rangi moja.

"Imekufa," akasema mtu nyuma.

"Haijafa. Inasoma," akasema ami. "Ikisoma hufumba macho."

Na ni kweli, ndivyo ilivyoundwa. Wakati wa kusoma kaseti huzima uchoraji wa skrini ili chipu kuu ipate nafasi yote. Lakini dakika zile zilikuwa ndefu. Kaseti ina miaka ishirini na ushei, imekaa kwenye unyevu wa Unguja, tunachosikia ni kitufe na mkanda ukizunguka. Namkumbuka bibi akisoma kitu kimyakimya. Nakumbuka kidole cha ami kikipiga taratibu juu ya goti, kinahesabu.

READY.

Akaandika RUN.

Sauti ilitoka kwenye spika ya harusi ikatukumba. Sauti tatu, maana SID, chipu ya muziki ya mashine ile, aliyoisanifu Bob Yannes ina sauti tatu: moja nzito chini, moja ikigonga, na ya juu ikiutambaza mwimbo wa taarabu ambao kila mtu mzima pale aliujua. Shangazi akaanza kuimba. Ami alikuwa ameinama, mkono wa kushoto umejikunja kama umeshika shingo ya fidla.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Umeme ulikatika kabla ya saa nne. Ami alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu.

Sasa mpwa wangu ameigeuza ile kaseti kuwa faili, anaiendesha kwenye laptopu kwa emyuleta, programu inayoiga mashine ile, inatoka kwa HDMI safi kabisa. Nimefurahi, kaseti haina umri mrefu. Lakini amenijia na jambo. Kila noti kwenye programu ya ami ni namba, na chipu inapokea namba yoyote kuanzia 0 mpaka 65535, kwa hiyo inaweza kupiga hata sauti zisizokuwemo kwenye piano. Kuna noti moja ameiandika 5430. Za piano zilizo karibu ni 5298 na 5613. Mpwa anasema ami alikosea kuchapa na anataka airekebishe. Mimi nadhani ndiyo ile sauti ya katikati ambayo wapiga fidla huitafuta kwa kidole, ila si katikati hasa, imeinamia chini kidogo, na wa kumuuliza hayupo. Nimemwambia aiache kama ilivyo.