Mlango Uliochorwa kwa Ndani

Mwaka 2023 nilikuwa nikifundisha Gredi ya 5 katika shule moja ya msingi hapa Lamu, na jioni nikawa mwanafunzi mwenyewe. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya elimu, na masomo yangu yote yalikuwa yamekwama kwenye sentensi moja: swali la utafiti.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa na kurasa kumi na moja. Lilianzia mwaka 2001, mji wetu wa kale ulipotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, likapita Ngome na misikiti, likasifu nakshi, kofia za kushonwa kwa mkono na majahazi, ndipo likafika kwenye swali: "Elimu ya sanaa ina umuhimu gani kwa mwanafunzi wa shule ya msingi Lamu?" Nililipenda swali lile. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeona vipindi vya sanaa vikigeuzwa vya hisabati mitihani ikikaribia, maana KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya masomo matano na sanaa haikuwamo. Mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho wa KCPE, na niliogopa mazoea yale yasije yakahamia kwenye mtaala mpya. Nilitaka atakayesoma kazi yangu ashtuke.

Msimamizi wangu alinipigia simu kutoka Mombasa.

"Mwalimu, hapa hujauliza," akasema. "Umetetea. Jibu unalo tangu ukurasa wa kwanza. Sasa utakwenda kutafuta nini?"

Iliniuma. Nilikaa siku mbili bila kuigusa ile karatasi. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kipindi cha sanaa, na kwa kuwa sikuwa nimeandaa kitu, niliwaambia watoto: kila mtu akachore mlango wa nyumbani kwao, alete kesho.

Kesho yake nilikusanya michoro thelathini na minne. Nilikaa nayo barazani baada ya alasiri, nikitarajia milango ya Lamu: mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mwimo wa katikati, nakshi juu ya kizingiti, mnyororo na tumbuu zake, pete za chuma za kufungia. Nilikuta milango ishirini na tisa inayofanana kama iliyopigwa muhuri. Pembenne ndefu, ubao mmoja, na kitasa cha duara upande wa kulia. Mtaani kwetu Mkomani sijui nyumba hata moja yenye mlango wa namna hiyo. Watoto hawa hupita kwenye nakshi asubuhi na jioni, wengine wamezaliwa nyuma yake. Wanne walikuwa wamejaza mistari ya kupindapinda kuashiria maua. Na mmoja, msichana mmoja mkimya, alikuwa amechora mbao mbili tupu, bila nakshi yoyote, zimekatwa katikati na kigogo kilicholala.

Nilimwandikia tatu juu ya kumi, na chini yake: "Nakshi iko wapi?"

Usiku nikafungua kitabu cha mwanafunzi nipange kipindi kingine, na pale kwenye picha ya nyumba nikauona: pembenne, ubao mmoja, kitasa cha duara upande wa kulia. Moyo ulinipiga. Halafu nikakumbuka ubaoni kwangu. Kila nilipochora nyumba kwa chaki, miaka yote, mlango wangu ulikuwa ni ule ule. Watoto hawakuwa wamechora mlango wa nyumbani. Walichora mlango wa shuleni, kwa uaminifu mkubwa, kama nilivyowafundisha.

Nilichukua penseli nijaribu wangu mwenyewe. Nyumba ile nimekaa tangu kuzaliwa. Mfaa niliuweka, lakini nakshi yake ilianza na waridi au na mnyororo? Tumbuu zilikuwa mbili au tatu? Sikujua. Nilishuka na tochi nikasimama daka, pale kibarazani mbele ya mlango, saa nne usiku, nikiutazama mlango wa kwetu kama mgeni aliyeshuka kwenye boti.

Asubuhi nilimwita yule msichana, nikamuuliza kwa upole kwa nini mlango wao hauna maua.

"Una maua, mwalimu. Lakini yako nje. Mimi huwa ndani." Akaonyesha kile kigogo. "Hili ni komeo. Mimi ndiye mwenye kufunga. Babu akirudi msikitini, natia komeo, ndipo twalala."

Sikuwa na la kumwambia. Yeye peke yake katika darasa zima ndiye aliyechora mlango aujuao, nami nilikuwa nimempa tatu.

Jumamosi nilikwenda mtaa wa Langoni kwa mzee mmoja fundi wa nakshi, nikamkuta ameinamia ubao wa mbambakofi, patasi mkononi. Nikamsimulia yote. Hakuacha kazi, alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye maua.

"Mwanangu," akasema, "mtoto huona alichotumwa. Mwanafunzi wangu akija hapa simpi patasi. Namwambia afumbe mato, apitishe vidole kwenye mlango uliokwisha. Akiniambia wapi pameingia ndani na wapi pametoka, ndipo twaanza."

Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa kumi na moja. Nikaandika: "Wanafunzi wa Gredi ya 5 wakichora kitu walichokiona kitabuni, na wakichora kitu wanachokishika kwa mikono yao kila siku, michoro yao inatofautianaje, na mwalimu huitathmini vipi?" Ile nusu ya mwisho niliiandika kwa kidonda. Bila tatu yangu isingekuwapo.

Msimamizi alisoma, akanyamaza kidogo kwenye simu. "Hili hujui jibu lake," akasema. Akaanza papo hapo kuniuliza ni watoto wangapi, shule ngapi, nani mwingine atasahihisha michoro ili nisiwe hakimu peke yangu. Tulizungumza saa nzima, kisha nikaanza kupanga makaratasi ya kuomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti.

Jumatatu nilifuta ile tatu mbele ya msichana wangu, nikamwomba ruhusa niuhifadhi mchoro wake. Aliushika, akautazama kwa muda, akakataa kuniachia.

"Bado, mwalimu. Nimesahau viatu vya babu. Nisipoviona hapo chini, sifungi."

Akakaa na penseli yake, akavichora.