Ayonaiza ya gari na pumu yangu: nilivyopita kiangazi cha Dodoma

Mwenye pumu anayeishi Dodoma anaujua upepo kuliko kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kuelekea Desemba na kukatika mwezi wa nne, kisha udongo unakauka mpaka unakuwa unga. Kuanzia mwezi wa sita upepo unashika kasi, visulisuli vinazunguka viwanjani mchana kweupe, na barabara za mtaani zisizo na lami zinahamia hewani. Nina pumu tangu shule ya msingi. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaopanda gari kila siku katika mji huu, kwa sababu kiangazi kilichopita kitu kilichonibana zaidi kililetwa garini kwa nia njema kabisa, nacho ni ayonaiza, kidude cha umeme kinachouzwa kuwa kinasafisha hewa.

Naishi Nkuhungu, kazi yangu iko Mtumba, Mji wa Serikali. Ni zaidi ya kilomita 20: unatoka magharibi ya mji, unakatisha katikati, unapita Nanenane, unaiacha Ihumwa. Nakwenda na jirani yangu, mzee mwenyeji wa Bahi anayefanya kazi wizara nyingine hukohuko. Tunachangia mafuta, tunajaa kwenye gari lake dogo lililotoka Japan. Mzee huyu ana roho ya kulea. Aliniona asubuhi nyingi natoa inhela, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, kwenye mkoba, akanyamaza. Siku moja nimepanda, nakuta kidude cheusi kimechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinawaka taa ya bluu. "Mwanangu, hii nimekununulia wewe," akasema. "Inaondoa vumbi na kutuliza kifua, wameandika kwenye boksi." Nilimshukuru kwa moyo wote. Gari zima lilisifia ile harufu: kali kidogo, safi, inafanana na ya chumba chenye mashine ya fotokopi iliyoshinda ikifanya kazi.

Wiki hiyohiyo nikaanza kukohoa kikohozi kikavu kabla hatujafika Ihumwa. Nikishuka Mtumba kifua kimebana, na nikipanda ngazi nasikia mluzi ndani. Lakini ulikuwa msimu wa upepo, malori ya kifusi ya ujenzi wa barabara ya mzunguko yanapishana kutwa, na mtu ana haki ya kusema ni vumbi tu. Sikutaka kukisingizia kifaa cha mzee kwa hisia. Nikachukua kipimo changu cha pumzi.

Wengi wenye pumu hawakijui kifaa hiki, na ni cha plastiki, hakitumii umeme wala betri. Unasimama, unavuta pumzi mpaka mapafu yajae, unapuliza kwa nguvu mara moja. Kishale kinasogea na kukuonyesha hewa inatoka kwa kasi gani, lita ngapi kwa dakika. Unapuliza mara tatu, unachukua namba ya juu. Namba yangu bora nikiwa mzima ni 400. Ukibaki juu ya asilimia 80 ya namba yako bora, uko salama. Ukishuka chini ya hapo njia za hewa zimeanza kubana, na chini ya asilimia 50 hiyo ni hali ya hospitali. Kwangu mstari wa kwanza ni 320.

Nikawa napuliza nyumbani kabla ya kutoka, na tena nikifika, kwenye maegesho. Nyumbani napata 370 au 380. Mtumba napata 310, siku nyingine 320. Jioni nilikuwa narudi na gari la mwenzangu lisilo na kifaa chochote, na vumbi la jioni ndilo baya, ila kushuka kwangu kulikuwa kudogo. Kilichonifungua macho zaidi ni mzee aliposafiri kwenda kwao na gari likaendeshwa na kijana wake. Kijana alikichomoa kile kifaa ili achaji simu. Njia ileile, watu walewale, vumbi lilelile, nami nikafika na 360. Mzee aliporudi na taa ya bluu ikawaka tena, namba zikashuka. Kipimo cha mtu mmoja hakiitwi utafiti, lakini kilinitosha kwenda nacho kwa daktari wa kifua anayenihudumia.

Daktari alinieleza vizuri, na baadaye nikasoma zaidi. Ayonaiza ina ncha kama za sindano zinazopitishiwa umeme wa volti nyingi. Umeme huo unazipa chembe zilizoko hewani chaji, nazo zinanata kwenye kitu chochote kilicho karibu: kiti, dashibodi, kioo, nguo. Kwa hiyo vumbi halitoki garini. Linahama tu, linatoka hewani na kulala kwenye viti, na abiria wa nyuma akikaa kwa kishindo linapanda tena. Halafu umeme uleule unavunja oksijeni na kuiunganisha upya kuwa ozoni. Ile harufu tuliyoisifia ndiyo ozoni yenyewe. Ozoni inachokoza utando wa njia za hewa, inaleta kikohozi, inabana kifua, na mwenye pumu anaumia mapema kuliko wengine kwa kuwa njia zake tayari zina uvimbe. California, huko Marekani, wameweka sheria kwamba kifaa cha kusafisha hewa ya ndani kisitoe ozoni inayozidi sehemu 50 kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, na kipimwe kabla ya kuuzwa. Boksi la mzee lilikuwa na picha ya jani la kijani na mtoto anacheka. Namba yoyote ya ozoni haikuwemo. Na ndani ya gari dogo lililofungwa vioo hewa ni chache mno kulinganisha na sebuleni, kwa hiyo hata kinachotoka kidogo kinajikusanya.

Lingine lilinishangaza kuliko yote. Tulikuwa tumening'iniza kile kikaratasi cha manukato ya limau kwenye kioo cha kati. Kemikali zinazotoa harufu ya limau na msonobari zikikutana na ozoni zinageuka, na miongoni mwa vinavyozaliwa ni fomaldehaidi, kemikali inayowasha macho na koo, na chembe ndogo sana zinazoingia mpaka ndani ya mapafu. Yaani vitu viwili vilivyowekwa ili gari linukie vizuri vilikuwa vinatengeneza cha tatu.

Nikamuuliza daktari: tuseme ipatikane ayonaiza isiyotoa ozoni kabisa, inamsaidia mwenye pumu? Akanionyesha utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1993 kwenye jarida la Thorax. Waliwawekea ayonaiza watoto wenye pumu inayochokozwa na wadudu wa vumbi la nyumbani. Uchafu wa wadudu hao hewani ulipungua kweli. Pumu ya watoto haikupungua, na kikohozi cha usiku kilielekea kuongezeka. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, nao walipozikusanya tafiti zilizokuwepo hawakupata ushahidi wa kumshauri mwenye pumu atumie kifaa hiki. Hapo ndipo nilipoamua.

Kuamua ni rahisi, kumwambia mzee ni kazi. Mtu mzima amekutolea pesa yake kwa upendo, huwezi kumwambia mbele ya abiria kwamba zawadi yake inakuumiza. Nilikwenda kwake jioni, nikamwamkia, nikakaa naye na mkewe tukazungumza mambo ya mashamba kwanza. Kisha nikamshukuru tena kwa kunijali, nikamfungulia daftari langu la namba. Nilimwonyesha asubuhi za kifaa na zile za kijana wake, bila kuongeza neno. Alizitazama muda mrefu. "Sasa mwanangu, ozoni si ndiyo ile inayotukinga na jua?" Ni swali zuri, na sote tulifundishwa hivyo shuleni. Nikamjibu ndiyo, ni ileile, lakini ile inayotukinga iko juu sana, makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu, wala hatuivuti. Hii iko kwenye pua. Akakichomoa kesho yake mwenyewe kabla sijapanda. Ila aliniuliza jambo ambalo ndilo lililotusaidia kuliko kuchomoa: "Na vumbi je, tuliache?"

Tukaenda kwa fundi wa AC. Magari mengi ya aina yake yana filta ya hewa ya ndani, iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Fundi alishusha droo, akavuta kifuniko, ikatoka filta ya rangi ya udongo, mikunjo yake imejaa majani makavu ya mwarobaini. Ofisini tunaegesha chini ya miarobaini, na majani yanaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Fundi akataka kuipuliza kwa kompresa airudishe, wanavyofanya wengi. Nilimwomba asifanye hivyo. Upepo wa kompresa unatanua na kuchana nyuzi za filta, ikionekana safi inakuwa imeshatoboka. Tukanunua mpya yenye tabaka la makaa, ambayo pamoja na vumbi inapunguza moshi na harufu, kwa Sh 25,000. Kwa vumbi la Dodoma usifuate kitabu cha gari kilichoandikiwa barabara za Japan. Sisi tunaifungua kuitazama kila baada ya miezi michache, na lazima iwe mpya kabla upepo wa mwezi wa sita haujaanza.

Fundi alituonyesha pia mpira wa mlango wa nyuma, wa buti, umekatika kwa chini. Huko ndiko vumbi lilikuwa linaingilia. Gari likitembea linavuta hewa kwa nyuma, na ufa wa kidole unatosha kufunika mizigo yote. Mpira ukabadilishwa.

Siku hizi vioo vinafungwa na AC inawashwa. Tukiwa nyuma ya lori la kifusi mzee anabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, tukilipita anakiachia hewa ya nje ipite kwenye filta. Hakiachi kikae muda mrefu, kwa sababu watu wengi kwenye gari lililofungwa wanajaza hewa ya ukaa na dereva anaanza kusinzia. Viti na dashibodi vinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kukung'uta kwa kitambaa kikavu au brashi kunarusha kila kitu juu, na siku ya kazi hiyo mimi nasimama mbali. Kikaratasi cha limau kilitolewa. Wenzetu wawili walilalamika kidogo kwamba gari halinukii, wakazoea.

Nisidanganye kwamba ni filta pekee. Katika mazungumzo yale daktari aliuliza navuta ile inhela ya bluu mara ngapi kwa wiki, na nilipomjibu alinyamaza kwanza. Salbutamo, dawa iliyomo kwenye inhela hiyo ya bluu, inafungua njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe unabaki palepale. Dawa inayotuliza uvimbe ni ile ya kuzuia, yenye steroidi, inayovutwa kila siku hata ukijisikia mzima. Akaniandikia, akanionyesha tena jinsi ya kuvuta kwa kutumia spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na kusukutua mdomo kila baada ya kuvuta ili kuepuka fangasi mdomoni. Kwa asiyeweza kununua spesa, utafiti uliofanyika Afrika Kusini mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa vizuri kitakoni ikashika mdomo wa inhela, inafanya kazi hiyo. Mwombe mhudumu wa afya akutengenezee. Inhela yenyewe usiiache garini. Gari lililoegeshwa juani Dodoma linawaka, na kikopo kile kina gesi iliyoshindiliwa. Yangu inakaa kwenye mkoba na mkoba unashuka na mimi.

Pumu ninayo bado. Lakini namba za Mtumba zimesogea karibu na za nyumbani, 360, 370, na zipo wiki nzima zinazopita inhela ya bluu haijaguswa, katikati ya upepo wa mwezi wa nane. Siku ikitokea nimebanwa njiani tumekubaliana: mzee anaegesha pembeni mbali na moshi, nakaa wima, navuta salbutamo kwa spesa, na nisipopata nafuu au nikishindwa kumaliza sentensi tunakwenda hospitali, kazi itangoja.

Kwa wanaonunua magari ya Japan, yakagueni. Mengine yanakuja na ayonaiza iliyojengwa ndani ya AC na mtu anaendesha miaka bila kujua, maana maandishi ya vitufe ni ya Kijapani. Mwombe fundi akuonyeshe kitufe chake na akizime ikiwa nyumbani kuna mwenye pumu. Na ukiita teksi, ukafungua mlango ukakuta taa ya bluu kwenye tundu la sigara, mwambie dereva kwa upole: "Kaka, samahani, nina pumu, naomba uizime na tushushe vioo dakika chache." Kila niliyemwomba hivyo amekubali.