Goti limenyooka, uwanjani bado

Tangu niache magongo, kila nikikatiza Majengo naulizwa: "Dada, si umeshapona? Unarudi lini?" Nawaelewa. Timu imenikosa, na mimi nimeikosa zaidi. Lakini kutembea hadi sokoni Mbuyuni ni jambo moja, na kudaka mpira hewani ukatua kwa mguu mmoja ni jambo lingine kabisa. Naandika kwa ajili ya wasichana wanaocheza mpira wa pete (netiboli) hapa Moshi, kwa sababu magoti yetu yanaumia na hatuelezwi kinachofuata.

Iliyochanika ni kano ya mbele iliyo katikati ya goti, ile inayozuia ugoko usichomoke kwenda mbele na goti lisijizungushe ovyo. Kwenye pete ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Mwili bado una kasi, mguu umeshaganda chini, mzigo wote unaishia kwenye goti. Nilitua, nikageuka nitoe pasi, nikasikia "pu!" ndani. Hakuna aliyenigusa, na wengi wanaochanika kano hii huchanika hivyohivyo. Sisi wanawake tunaumia zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka.

Eksirei ilitoka safi, kwani yenyewe huonyesha mifupa. Daktari wa mifupa ndiye aliyegundua kwa mikono: akashika paja, akavuta ugoko, ukaja mbele bila kizuizi. MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata kano, ikathibitisha. Nyumbani kila mtu alikuja na tiba yake. Shangazi alileta supu ya kongoro, jirani akasisitiza bamia ili ute urudi. Supu niliinywa yote. Ila kano hii ikikatika kabisa ni nadra kujiunga yenyewe. Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi tu bila kupasuliwa, hasa wasiocheza michezo ya kugeuka ghafla. Mimi nataka kucheza, nikachagua upasuaji.

Operesheni yenyewe haina mengi. Sindano ya mgongo, kamera ndogo kupitia vitundu, kano zikachukuliwa nyuma ya paja langu mwenyewe, zikakunjwa, zikapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mfupa wa paja na wa ugoko, zikakazwa.

Kazi ilianza kesho yake. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aliniambia, "Mdogo wangu, kukunja kutakuja. Nyoosha kwanza." Goti likizoea kubaki limepinda, kovu hujaa ndani na utachechemea muda mrefu. Kwa hiyo taulo linaviringishwa, kisigino kinakaa juu yake, goti linaning'inia, nawe unakaza paja na kulisukuma chini. Inauma mpaka machozi. Mama kwa huruma alikuwa akinipenyezea mto chini ya goti usiku, nami nikawa namwomba, "Mama, mto uende chini ya kisigino." Alidhani najitesa. Fizio alipokuja nyumbani kumweleza, yeye ndiye akawa msimamizi mkali wa taulo.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, jambo ambalo hospitalini hakuna aliyeniuliza. Seremala wa mtaani alitoboa kiti cha mbao, kikaniokoa. Ukiwa na operesheni mbele yako, tengenezesha kiti hicho kabla. Kwenye daladala niliomba siti ya mbele, mguu upate pa kunyooka. Makonda wengi walinielewa wakiona magongo.

Sasa sikilizeni hapa. Kano mpya inapowekwa imekatwa kutoka kwenye damu yake. Mwili huijengea mishipa upya polepole, na takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12 huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Wakati huohuo uvimbe umeshuka, maumivu yameisha, unajiona mzima. Ndipo watu wanapokuita uwanjani. Utafiti wa Delaware (Marekani) na Oslo (Norwe) uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi mchezoni, mpaka miezi 9 baada ya upasuaji, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Nusu, kwa kila mwezi!

Na miezi peke yake haitoshi. Paja langu la kushoto lilinywea vibaya. Tunalipima kwa tepu ya fundi cherehani. Fizio anataka nguvu yake ifike angalau asilimia 90 ya lile la kulia, na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja vivyo hivyo. Bado sijafika. Nahodha amenibembeleza kwa ajili ya mashindano yajayo, nimemjibu hapana, na kocha amenipa kazi ya kuwafundisha wadogo kutua: magoti yakunjwe, yasiingie ndani.

Goti likilia "pu" na kuvimba ndani ya saa chache, msikubali kukandwa. Nendeni kwa daktari wa mifupa. Na aliyekwisha kupasuliwa aje jioni, nafanya mazoezi nyumbani karibu kila siku, taulo ninazo za kutosha.